Sinema ya Vugiri na Watu Waliopigwa Picha

Karatasi hii ni maneno ya somo letu la redio. Yamepigwa chapa ili uweze kuyarudia polepole, wewe na wenzako, hata baada ya redio kufungwa.

Leo tutazungumza habari za sinema. Sinema ziko za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya hadithi, ambayo mtu huenda kuitazama apate kucheka au kulia. Ya pili ni ile inayosema: haya mnayoyaona ni mambo ya kweli, na huyu mnayemwona ni mtu wa kweli. Hiyo huitwa filamu ya hali halisi. Somo letu ni juu ya hiyo ya pili, ingawa utaona kwamba mara nyingi hizo mbili huchanganyika.

Tangu sasa uliweke swali hili moyoni: mtu akipigwa picha za sinema, ni nani anayesema kwa niaba yake? Na jina lake linakwenda wapi?

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Picha ya sinema haitembei. Ni ukanda mrefu wenye picha ndogo ndogo nyingi, moja baada ya moja, kila moja ikipishana kidogo na mwenzake. Mashine huzipitisha mbele ya taa kwa haraka, picha 24 kwa kila sekunde moja, na jicho lako halipati nafasi ya kuzitenga. Ndipo unapoona mtu anatembea. Basi yule anayeshika mashine ya kupigia picha ana uwezo mkubwa. Aweza kukata ukanda hapa na kuunga pale, akakuonyesha mtu anacheka, kumbe alicheka siku nyingine kwa jambo lingine.

Ulaya na Marekani mambo hayo yalianza mapema. Mwaka 1922 Mmarekani Robert Flaherty alionyesha filamu juu ya watu wa nchi ya barafu, kaskazini ya Kanada. Mwindaji aliyekuwa ndani yake aliitwa Nanook, na dunia nzima ikamjua kwa jina hilo. Lakini jina lake halisi lilikuwa Allakariallak. Katika filamu alionyeshwa akishangaa santuri kama kwamba hajapata kuiona, hali alikuwa akiijua. Tena nyumba yake ya barafu ilijengwa nusu tu, ili mwanga uingie mashine ipate kupiga picha. Miaka minne baadaye, mwaka 1926, Mskoti John Grierson alilitumia jina la filamu ya hali halisi alipoandika juu ya filamu nyingine ya Flaherty huyo huyo. Jina likashika.

Sasa tutoke huko kwenye barafu tuje kwetu Tanga. Chukua ramani. Tafuta Korogwe, kisha upande macho mpaka kwenye milima ya Usambara. Hapo juu pana mahali paitwapo Vugiri. Leo ukiwauliza watu wengi wa Tanga mjini habari za Vugiri, watakutajia chai na baridi. Wachache sana watakutajia sinema. Lakini tangu Machi 1935 mpaka 1937 hapo ndipo palipokuwa makao ya kazi kubwa ya sinema, iliyofanywa kwa ajili ya Waafrika wa Afrika ya Mashariki na ya Kati.

Kazi hiyo ilipewa jina refu la Kiingereza, ambalo maana yake ni Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Ilisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka Marekani, kwa Carnegie Corporation ya New York. Wakuu wawili walikuwa hapo Vugiri. Mmoja ni Meja L. A. Notcutt, aliyesimamia upigaji wa picha. Wa pili ni Bwana G. C. Latham, ambaye zamani alikuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia.

Habari za Notcutt zinatuhusu sana sisi wa Tanga. Yapata mwaka 1926 alikuwa akisimamia mashamba ya mkonge Afrika ya Mashariki. Huko ndiko alikopata wazo lake. Alifikiri kwamba sinema shambani ingesaidia kuwafanya wafanyakazi wakae wameridhika. Soma tena maneno hayo: wakae wameridhika. Hakuanza kwa kuuliza kwa nini hawakuridhika.

Wewe uliyezaliwa Muheza, Korogwe au Pangani huhitaji kuelezwa mkonge ulikuwa kazi gani. Huenda babu yako alikuwa manamba. Alitoka mbali, akatia mkataba, akapewa namba, na namba hiyo ikawa ndiyo jina lake shambani. Neno lenyewe limetoka hapo. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu tutalikuta tena katika sinema.

Hapo Vugiri zilitengenezwa filamu kama 35 hivi. Zilikuwa fupi. Nyingi zilifundisha: namna ya kuhifadhi ngozi, namna ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, kilimo cha kahawa, malaria ya watoto wachanga, kodi na matumizi yake. Moja ilikuwa hadithi ya sungura na chui. Nyingine ilikuwa juu ya safura, yule mdudu aingiaye mwilini kwa kupitia nyayo na kunyonya damu tumboni. Hiyo ilimfundisha mtu achimbe choo. Nami, kama mtu wa elimu, siwezi kuidharau. Safura iliwamaliza watu nguvu kweli kweli, na ushauri wa kuchimba choo ulikuwa wa haki, hata kama aliyeutoa alikuwa na shabaha zake.

Lakini tazama ile filamu iliyohusu benki ya akiba ya posta. Kisa chake ni cha watu wawili wenye fedha za mshahara. Mmoja anazipeleka posta. Mwingine anazizika nyumbani mwake, na mwizi anazichukua. Fundisho ni jepesi, na mtoto aweza kulielewa. Ila filamu haikusema neno juu ya mshahara wenyewe ulikuwa shilingi ngapi, wala baada ya kulipa kodi na kununua nguo zilibaki senti ngapi za kupeleka posta au kuzika. Mashine iligeuzwa upande mmoja tu.

Waliocheza katika filamu hizo walikuwa Waafrika. Walilima, walichimba, walihesabu fedha, waliiba na kukamatwa, yote mbele ya mashine. Hata hivyo hukusikia sauti zao. Picha zilipigwa bila sauti, juu ya ukanda mwembamba wa milimita 16, na maneno yakatiwa baadaye katika santuri, yakisemwa na mtu mwingine. Santuri zilitengenezwa kwa lugha nyingi: Kiswahili, Kisukuma, Kikikuyu, Kijaluo, Kiganda, Kinyanja, Kibemba na nyinginezo. Ilibidi fundi aiendeshe santuri sawasawa na picha. Ikikosea kidogo, maneno yanatangulia na mkono unafuata, au mkono unatangulia na maneno yanafuata, na mkutano mzima wacheka pasipo pa kucheka.

Basi mtu wa Usambara angeweza kuonekana Uganda akisema Kiganda ambacho hakukijua, na kesho yake akasema Kibemba. Uso ni wake, maneno ni ya mwingine, na jina hakuna. Alionekana kama mkulima, au mwizi, au mgonjwa.

Hata hivyo haki ya Notcutt tumpe. Yeye aliamini kwamba Waafrika wanaweza kufundishwa kazi nyingi za sinema, wakati ambapo Wazungu wengi hawakuamini hivyo.

Filamu zilipokuwa tayari zilitiwa katika gari, pamoja na mashine ya umeme, kitambaa cheupe na vipaza sauti. Gari likaondoka. Lilipita Tanganyika, likafika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na Rhodesia ya Kaskazini, kisha Kenya na Uganda. Ni safari ya miezi, kwa barabara za wakati ule, zenye vumbi kiangazi na tope masika. Watu walikuja maelfu kwa maelfu. Fikiri mwenyewe: kijiji hakina umeme, jua limekuchwa, na mara ukuta wa kitambaa unawaka, na ndani yake mtu mweusi kama wewe anatembea. Waliokuwa wamepata kuiona sinema kabla ya hapo walikuwa wameona Wazungu wakipigana bastola. Kumwona Mwafrika analima shamba lake lilikuwa jambo geni.

Mwaka 1937 fedha zilikwisha. Serikali za Afrika ya Mashariki hazikutaka kuendelea kulipa. Notcutt na Latham waliandika kitabu juu ya kazi yao, kikapigwa chapa mwaka huo huo, na Vugiri ikanyamaza. Kati ya filamu zile 35 zinazojulikana kuwapo mpaka leo ni tatu tu: ya safura, ya mafunzo ya uganga wa mifugo, na ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro. Zote tatu zimehifadhiwa na British Film Institute nchini Uingereza. Ile ya posta, yenye mwizi, haimo.

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda idara yake ya sinema kwa ajili ya makoloni. Mkuu wake alikuwa Bwana William Sellers, aliyekuwa amefanya filamu za afya Nigeria. Sellers alishika kanuni moja: mtu wa kijijini hawezi kufuata picha za haraka. Kwa hiyo picha ziende polepole, kila jambo lionyeshwe kwa muda mrefu, na mambo ya werevu wa mashine yaachwe. Magari ya sinema yakazunguka na filamu za namna hiyo, na msemaji akasimama kando na kipaza sauti akieleza kwa lugha ya mahali.

Kuna habari moja iliyosimuliwa sana na Wazungu wa wakati ule ili kuithibitisha kanuni hiyo. Bwana mmoja aitwaye John Wilson alieleza kwamba filamu ya usafi ilionyeshwa kijijini katika Afrika. Ilikuwa na mtu anayeondoa maji yaliyotuama na kufanya usafi, polepole sana. Watu walipoulizwa wameona nini, walijibu: tumeona kuku. Wenye filamu wakashangaa, maana wao hawakujua kuwa mna kuku ndani yake. Wakaitazama tena picha baada ya picha, na kweli, kuku alipita pembeni kwa muda kama wa sekunde moja tu.

Wazungu wakasema: mnaona, hawa hawajui kutazama picha. Mimi nasema kinyume chake. Waliotengeneza filamu walishinda nayo siku nyingi wasimwone kuku. Wanakijiji walimwona mara moja. Kuku ni mali, kuku ni mgeni wa nyumbani, kuku huchinjwa kwa heshima ya mtu. Nani hasa hakujua kutazama?

Tena ushahidi mwingine ulikuwa papa hapa Tanga mjini. Wakati magari ya serikali yanakwenda polepole kwa kuwahurumia watu wa shamba, watu wa pwani walikuwa wamejaa ndani ya nyumba za sinema, kama Majestic na Regal, wakitazama filamu za Kihindi. Filamu moja yaweza kupita saa mbili na nusu. Ina nyimbo, ina machozi, ina mambo ya zamani yanayorudi katikati ya mambo ya sasa, na wasemaji wake wanasema Kihindi. Watazamaji wengi wa Kiafrika na wa Kiarabu hawakuijua lugha hiyo. Lakini filamu ya Awaara, aliyoitengeneza na kuicheza Raj Kapoor mwaka 1951, ilipendwa mno katika pwani yetu. Watu walitoka wakisimuliana kisa kizima, kijana aliyekataliwa na baba yake mwenye cheo, na wakabishana kama hakimu alihukumu vema. Nyimbo za filamu za Kihindi ziliingia hata katika taarabu. Vikundi vya Tanga, Black Star na Lucky Star, ambavyo katika miaka ya 1960 vilisikika pwani yote, vilikua katika mji ambao masikio yake yalikwisha zoea tuni hizo.

Sasa turudi kwenye swali letu la jina. Mwaka 1935, wakati Notcutt yuko Vugiri, filamu ya hadithi iitwayo Sanders of the River ilitoka London. Nyota wake alikuwa Paul Robeson, Mwamerika mweusi mwenye sauti nzito, ambaye baadaye aliijutia filamu hiyo kwa kuwa iliusifu ukoloni. Ndani yake, kati ya watu waliosimama nyuma wakiwa wamevaa kama machifu, alikuwako Mkikuyu mmoja aliyekuwa akisoma London na kuhitaji fedha. Alikuwa Jomo Kenyatta. Miaka 28 baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Kenya. Katika filamu hana la kusema.

Kwetu Tanganyika ilikuwa tofauti. Mwaka 1951 kijana mmoja mzaliwa wa Songea, Rashidi Mfaume Kawawa, aliingia katika kikundi cha sinema cha serikali. Mwaka 1952 alicheza katika filamu ya Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba anayekutana na ujanja wa mji. Ilikuwa filamu ya Kiswahili, na watu walimsikia mchezaji akisema lugha yao kwa kinywa chake mwenyewe. Wakamjua sura. Wakamjua jina. Mwaka 1955 Kawawa akawa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, Tanganyika Federation of Labour, na chama cha wafanyakazi hakikuweza kuyasahau mashamba ya mkonge ya Tanga. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Serikali ya kikoloni ilimlipa ili awafundishe watu kwa picha. Haikudhani kwamba inamjulisha kwa watu. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009.

Umeona tofauti iliyopo kati ya mtu huyo na yule mkulima wa Vugiri? Hata hivyo Kawawa alicheza hadithi iliyopangwa na wengine. Tuvuke maji basi. Kutoka Pangani mpaka Unguja si mbali, na majahazi yamekuwa yakivuka tangu zamani. Huko tutamkuta mtu aliyepigwa filamu ya hali halisi kwa jina lake, kwa sauti yake, na juu ya maisha yake mwenyewe.

Huyo ni Fatuma binti Baraka, ambaye dunia imemjua kwa jina la Bi Kidude. Alizaliwa Unguja, kijiji cha Mfagimaringo, binti wa mwuza nazi, na mwaka wake wa kuzaliwa hakuna aliyeuandika. Alijifunza kuimba kwa kumsikiliza Siti binti Saad, yule bibi mkuu wa taarabu ambaye sauti yake iliingizwa katika santuri huko Bombay mwaka 1928. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alikimbia ndoa asiyoitaka akavuka bara. Alitembea miji ya pwani na kuingia ndani ya Tanganyika, kwa miguu mitupu, akiimba na kupiga ngoma. Alikuwa msafiri kabla hajajua ndege ni nini. Baadaye, akiwa mzee, alisafiri kwa ndege mpaka Ulaya na Japani, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, tuzo kubwa ya muziki wa dunia.

Mwaka 2006 Mwingereza Andy Jones alitoa filamu juu yake, iitwayo As Old as My Tongue. Sikiliza jinsi ilivyo. Bibi anasema mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha Unguja. Anaimba, anatania, anafundisha unyago, anapiga ngoma aliyojifunga kiunoni. Filamu haikumsafisha ili apendeze: anaonekana akivuta sigara. Wako waliosema mambo kama hayo yangefichwa, kwa heshima ya bibi mzee na ya nchi. Mimi sikubaliani nao. Bi Kidude hakuficha sigara yake barabarani, kwa nini ifichwe katika picha? Angefichwa hivyo angekuwa kama yule mwindaji wa barafu aliyeambiwa ajifanye haijui santuri.

Lakini usidhani kwamba kila kitu kimetengenea. Mkataji wa ukanda bado alikuwa mgeni. Bibi alifariki Bububu tarehe 17 Aprili 2013, na mwaka 2015 bwana yule yule alitoa filamu ya pili, juu ya siku zake za mwisho. Safari hii bibi hakuwapo kuitazama na kusema: hapa sivyo.

Wako Watanzania waliokwisha shika mashine wenyewe. Martin Mhando ni mmoja wa wakongwe wao. Yeye ndiye aliyetengeneza Mama Tumaini mwaka 1986, pamoja na Mnorwe Sigve Endresen, kisha Maangamizi mwaka 2001, pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill. Siku hizi simu ya mkononi yaweza kupiga picha za sinema, na vijana wa Tanga hawangoji gari kutoka Vugiri.

Kazi ya darasa kwa juma hili. Kila mmoja amtafute mzee mmoja anayelikumbuka gari la sinema la kijijini kwao, au nyumba ya sinema ya mjini. Mwulize filamu gani aliiona, mwaka gani au wakati wa jambo gani, na nani alikuwa msemaji wa kipaza sauti. Ninyi mlioko Korogwe, na hasa mlioko Vugiri na vijiji vya jirani, mnayo kazi zaidi. Waulizeni watu wa ukoo wenu kama kuna babu au bibi aliyepata kupigwa picha na Wazungu wa sinema kabla ya vita. Wenyewe wamekwisha kufa, lakini huenda mjukuu amesimuliwa. Andikeni jina la mtu huyo kamili, na la baba yake, na la kijiji. Andikeni kwa penseli kwanza, kisha msomeeni aliyewasimulia, asahihishe majina kabla hamjayatia wino. Mwalimu akusanye karatasi hizo na kuzileta kwetu.

Kwaherini mpaka somo lijalo.